Kichupa cha insulini na muhogo wa Mtwapa

Oktoba 2022, siku chache baada ya Baraza la Mawaziri la Kenya kuondoa marufuku ya vyakula vya GMO, yaani vya viumbe vilivyobadilishwa jeni, nilimkuta mama mkubwa jikoni kwake Kibokoni, Mombasa, mlango wa friji uko wazi na redio inasema. Alikuwa anatoa kichupa chake cha insulini kama afanyavyo kila asubuhi kabla ya chai. Redioni mtu alikuwa anaeleza kwamba mahindi yaliyobadilishwa jeni sasa yataruhusiwa nchini.

"Unga huo hauingii nyumba hii, mwanangu," akaniambia. "Kitu kilichochezewa jeni mimi sikitii mdomoni." Kisha akavuta dawa kwenye bomba la sindano, akagonga-gonga kutoa hewa, akajidunga.

Siku ile nilinyamaza. Kichupa alichokishika ni miongoni mwa matunda ya kwanza kabisa duniani ya uhandisi jeni, yaani ufundi wa kubadilisha jeni, na amekuwa akijidunga dawa hiyo mwaka wa kumi na moja sasa, inamuweka hai, nasi tunashukuru. Sikutaka kumwambia hivyo kama mtu anayemnasa. Hofu yake ilikuwa ya haki kwa mtu ambaye hajawahi kuelezwa. Jina GMO limebebeshwa mambo mengi yasiyofanana, likawa kama gunia: mwenye kulipenda hulipenda lote, mwenye kuliogopa huliogopa lote. Nataka kulifungua gunia hilo na kutoa kimoja kimoja, maana kila kilichomo kina swali lake.

Tuanze na jeni yenyewe.

Waliopitia madrasa watalielewa jambo hili upesi. Be, te na the zina umbo moja. Kinachozitenganisha ni nukta: moja chini, mbili juu, tatu juu. Ukihamisha nukta umebadilisha herufi, ukibadilisha herufi umebadilisha neno, na neno likibadilika maana nayo imehama. Ndani ya kila seli ya mwili wako mna maandishi ya namna hiyo, marefu ajabu, yanayoitwa DNA. Yana herufi nne tu, ambazo kwa kweli ni kemikali nne: A, T, G na C. Kwa binadamu, nakala moja ya maandishi hayo ina herufi takriban bilioni 3. Ndani yake kuna vifungu kama 20,000 vinavyoeleza jinsi ya kuunda protini, na kila kifungu cha aina hiyo ndicho tunachokiita jeni. Seli husoma herufi tatu tatu. Kila tatu huita kiungo kimoja cha protini, kiitwacho asidi amino. Viungo hivyo hupangwa kama shanga kwenye uzi, uzi ukijikunja protini imepatikana, na protini ndizo zinazofanya karibu kazi zote za mwili: zinabeba hewa, zinasaga chakula, zinapigana na maradhi.

Jambo la kushika hapa, kwa sababu ufundi wote unasimama juu yake, ni kwamba herufi hizo nne na namna ya kuzisoma ni zile zile kwa karibu kila kiumbe. Mnazi, papa, kuku, mtu, bakteria wa tumboni, wote wanasoma hati moja. Bakteria akipewa kifungu cha binadamu atakisoma na kuunda protini ile ile. Hajui kimetoka wapi.

Kwa muda mrefu hakuna aliyejua jinsi ya kukata na kuunga maandishi hayo. Mkasi ulipatikana kwa bakteria wenyewe. Bakteria nao huvamiwa na virusi, na wamejitengenezea vimeng'enya vinavyokatakata DNA ya mvamizi. Kimoja kati ya hivyo hutafuta mahali palipoandikwa GAATTC na kukata hapo tu, tena hukata upande upande, kiasi kwamba ncha zinabaki na nyuzi zinazoning'inia. Ncha mbili zilizokatwa na mkasi huo huo hushikana kama vipande viwili vya kitambaa ambavyo fundi amevikata kwa kipimo kimoja. Mwaka 1973, Stanley Cohen na Herbert Boyer huko California walichukua kiduara kidogo cha DNA cha bakteria, kiitwacho plasmidi, wakakikata, wakaunga kipande kigeni, wakakirudisha ndani ya bakteria. Bakteria akaishi. Akazaana, na kila alipozaana akanakili na kile kipande. Chini ya hali nzuri bakteria huyu hugawanyika kila dakika 20 hivi, kwa hiyo aliyekuwa mmoja asubuhi, jioni ni kiwanda.

Na kiwanda hicho ndicho kilichobadilisha maisha ya wenye sukari.

Insulini ilianza kutumika kama dawa mwaka 1922, na kwa miaka 60 iliyofuata ilitoka kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe waliochinjwa. Ilihitajika zaidi ya tani mbili za viungo vya nguruwe kupata kama robo kilo ya insulini safi. Insulini ya nguruwe inatofautiana na ya binadamu kwa asidi amino moja tu kati ya 51. Ya ng'ombe kwa tatu. Tofauti ndogo, lakini miili ya baadhi ya watu iliigundua na kuikataa. Kwa nyumba za Kiislamu kulikuwa na uzito mwingine. Marehemu bibi yangu, aliyeugua sukari miaka ya sabini, aliambiwa dawa ya nguruwe inajuzu kwa dharura, akaitumia, lakini mama yangu anasimulia kwamba kila alipojidunga aliomba msamaha kwanza.

Mwaka 1978 wanasayansi wa kampuni changa ya Genentech, wakishirikiana na kituo cha City of Hope, walifanikiwa kumfanya bakteria atoe insulini ya binadamu. Watu wengi hufikiri walimtoa mtu kongosho wakachukua jeni yake. La. Waliziunda jeni wenyewe, herufi kwa herufi, kwa kemikali za maabara, kwa kuwa mpangilio wa insulini ulikuwa umeshajulikana. Wakaziweka kwenye plasmidi, plasmidi ndani ya bakteria. Mwaka 1982 dawa hiyo iliruhusiwa Marekani, ikiwa dawa ya kwanza ya uhandisi jeni kupewa wagonjwa. Karibu insulini yote inayotumika leo, pamoja na ile ya mama mkubwa, hutoka kwa bakteria au kwa hamira. Bakteria mwenyewe hayumo kwenye kichupa. Protini huchujwa na kusafishwa, kinachobaki ni insulini ileile ambayo kongosho yake ingeitoa kama ingekuwa nzima, au iliyorekebishwa kidogo ili ifanye kazi upesi zaidi au idumu zaidi.

Njia hiyo hiyo ilizaa chanjo. Ile ya homa ya ini ya aina B, ambayo watoto wa Kenya wamekuwa wakiipata tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ndani ya sindano inayokinga maradhi matano, hutengenezwa na hamira aliyepewa jeni moja ya virusi hivyo. Hamira anatengeneza ganda la nje tu. Hakuna virusi kamili, kwa hiyo hakuna wa kukuambukiza, lakini kinga ya mwili inalijua sura yake. Oktoba 2019 serikali ilipozindua hapa Mombasa, pale Ziwa la Ng'ombe, chanjo ya virusi vya HPV ya kuwakinga wasichana na saratani ya mlango wa kizazi, ufundi ulikuwa huo huo. Na chanjo za malaria, RTS,S na R21, zote mbili zilizofanyiwa majaribio kwa watoto wa Kilifi jirani zetu, nazo ni kazi ya hamira: kipande cha protini ya kimelea cha malaria kimeungwa na lile ganda la homa ya ini.

Kwa hiyo tayari swali "je, tukubali uhandisi jeni?" limechelewa. Limeshajibiwa mikononi mwa watoto wetu, kwa sindano, miaka mingi. Katika dawa hizi zote, kiumbe kilichobadilishwa kinabaki kwenye pipa la kiwandani. Mgonjwa anapata protini tu. Hicho ni kitu kimoja cha gunia, na kwa maoni yangu ndicho chenye mashaka machache kuliko vyote.

Kubadilisha jeni za mgonjwa mwenyewe ni jambo jingine, na hapo lazima niseme kuhusu selimundu, ambayo wengi mtaani huita siko seli.

Mtoto wa shangazi yangu wa Likoni anao ugonjwa huu. Upepo wa kusi unapoanza na usiku kupoa, mama yake humvisha soksi na sweta mapema, maana baridi huamsha maumivu: mifupa ya miguu na mgongo, maumivu ambayo mtoto wa miaka tisa hana maneno ya kuyaeleza. Chanzo chake ni herufi moja. Katika jeni ya himoglobini, protini inayobeba hewa ndani ya damu, mahali palipopaswa kusomeka GAG panasomeka GTG. Nukta moja katika herufi bilioni 3. Asidi amino moja inaingia mahali pa nyingine, na himoglobini ikishaachia hewa yake hunatana na wenziwe na kujipanga kama vijiti. Chembe ya damu iliyokuwa mviringo na laini hujipinda mfano wa mundu, inakuwa ngumu, inaziba mishipa midogo. Hapo ndipo maumivu.

Kwa nini ugonjwa huu uko mwingi Pwani? Jibu liligunduliwa hapa hapa. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya na ambaye alikuwa bado anasomea udaktari, alizunguka nchi akipima damu za watu. Pwani na kandokando ya ziwa Victoria alikuta wengi wanabeba nakala moja ya jeni hiyo. Nyanda za juu karibu hakuna. Aliona kwamba ramani hiyo ni ramani ya malaria. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi wake: anayebeba nakala moja haugui selimundu, na malaria haimshindi kirahisi. Utafiti uliofanywa baadaye Kilifi ulionyesha kwamba kinga hiyo hupunguza hatari ya malaria kali kwa karibu asilimia 90. Babu zetu waliobeba nukta hiyo walipona mbu, wakatuzaa. Lakini wazazi wawili wabebaji wakikutana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata nakala mbili, na nakala mbili ndizo ugonjwa. Nasema haya kwa makusudi, kwa sababu zipo familia ambazo bado zinamnyooshea mama kidole. Hii si laana ya mtu, na inatoka kwa wazazi wote wawili sawasawa.

Sasa, tuifute ile nukta? Chombo kilichofungua njia kinaitwa CRISPR, nacho pia tumekiazima kwa bakteria. Bakteria aliyenusurika na virusi huhifadhi kipande cha maandishi ya adui kama anayeweka picha ya mwizi, na virusi hivyo vikirudi, protini moja hubeba nakala ya kipande hicho, hutafuta mahali panapolingana nacho, na kukata. Mwaka 2012 Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walionyesha kwamba unaweza kuipa protini hiyo, Cas9, kielekezi chochote unachotaka chenye herufi 20 hivi, nayo itakwenda kukata hapo hapo. Mkasi wa zamani ulikata popote palipo na herufi zake sita, huu unatumwa. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2020.

Ukishakata, seli hukimbilia kuunga. Mara nyingi huunga vibaya, na jeni ile inazimika. Ukiipa seli kigezo cha kufuata, huenda ikaandika unachotaka, lakini hilo ni gumu zaidi. Ndiyo maana dawa ya kwanza ya CRISPR iliyoruhusiwa, iitwayo Casgevy, hairekebishi ile herufi ya selimundu. Inapita njia nyingine, na mimi naiona nzuri mno. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya aina nyingine, isiyo na kasoro hiyo. Miezi michache baada ya kuzaliwa mwili huizima. Swichi inayoizima inajulikana. Daktari huchukua seli shina za damu za mgonjwa, yaani zile zinazozaa chembe za damu, huzipeleka maabara, CRISPR hukata swichi hiyo, na himoglobini ya utotoni inaamka tena. Kisha mgonjwa hupewa dawa kali ya kuua uboho wake wa zamani, na seli zake zilizohaririwa hurudishwa mwilini kwa mpira kama anayeongezewa damu. Victoria Gray wa Mississippi alitibiwa hivyo mwaka 2019 katika majaribio, na maumivu yaliyomwandama tangu utotoni yakakoma. Uingereza iliiruhusu dawa hiyo Novemba 2023, Marekani mwezi uliofuata.

Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Kwa shilingi zetu ni zaidi ya milioni 280, kwa mtu mmoja. Bado hujahesabu miezi ya hospitali, wala chumba kisichoingia vijidudu ambacho mgonjwa asiye na uboho lazima akae. Ugonjwa huu umekithiri Afrika. Wabebaji wa jeni yake walipimwa hapa Pwani tangu enzi za ukoloni. Majibu yamepatikana, na yamekaa ng'ambo. Hilo linaniuma. Mtoto wa shangazi anatumia vidonge vya foliki na haidroksiurea, ambayo nayo huamsha himoglobini ya utotoni kidogo kwa njia ya kemikali. Vidonge hivyo vinasaidia, na kuna wagonjwa wengi ambao hata vidonge hivyo havijawafikia. Kama ningeulizwa fedha ianze wapi, ningesema hapo, pamoja na kumpima kila mtoto anapozaliwa, huku watafiti wakihangaika kuifanya tiba ile itolewe kwa sindano moja bila kuua uboho.

Kuna mpaka mmoja hapa ambao haupaswi kuchanganywa. Seli za damu za Victoria Gray zimebadilishwa; watoto wake hawatarithi mabadiliko hayo. Lakini Novemba 2018 mwanasayansi wa China, He Jiankui, alitangaza kwamba amehariri jeni za viinitete, yaani mimba changa kabisa, na mapacha wamezaliwa. Kosa likifanyika katika kiinitete linaingia kila seli na linarithiwa na vizazi. Dunia nzima ya sayansi ilimlaani, na mahakama ya nchi yake ikamfunga miaka mitatu. Anayeuliza "je, hawa watu wanataka kuumba watoto?" anauliza kuhusu jambo hili la pili, na ana haki ya kuogopa. Asiibebeshe hofu hiyo tiba ya selimundu.

Tuje shambani, ambako ndiko mama mkubwa alikoanza.

Kuingiza jeni kwenye mmea kuna njia mbili kuu. Moja ni bunduki hasa: chembe ndogo mno za dhahabu hupakwa DNA na kufyatuliwa ndani ya seli za mmea. Ya pili, inayotumika zaidi kwa mimea mingi, inamtegemea bakteria wa udongo aitwaye Agrobakteria. Huyu tangu zamani za kale hudunga kipande cha DNA yake ndani ya mimea na kuifanya iote uvimbe wa kumlisha yeye. Wanasayansi waliondoa jeni za uvimbe, wakaweka wanayoitaka, wakamwachia afanye kazi aliyoizoea. Na hapa kuna jambo ambalo lilinishangaza nilipolisoma mara ya kwanza: mwaka 2015 watafiti walitangaza kwamba viazi vitamu vyote vya kulimwa walivyovipima, aina 291, vina jeni za Agrobakteria ndani yake. Ziliingia zenyewe, maelfu ya miaka iliyopita, bila maabara wala mtu. Tumekuwa tukivila na chai.

Sisemi hivyo kumaanisha kila kitu ni salama. Namaanisha kwamba kuhama kwa jeni peke yake si jibu. Lazima uulize ni jeni gani, na inafanya nini ikishafika.

Chukua pamba. Desemba 2019 Kenya iliruhusu pamba ya Bt ilimwe kibiashara. Bt ni kifupi cha jina la bakteria mwingine wa udongo, ambaye hutoa protini inayotoboa utumbo wa baadhi ya viwavi. Protini hiyo hushika mahali maalumu kwenye utumbo wa kiwavi, mahali ambapo mtu hana. Wakulima, hata wale wa kilimo hai, wamekuwa wakimnyunyizia bakteria huyo kwenye mimea kwa miaka mingi. Pamba iliyopewa jeni yake hujikinga yenyewe na funza wa vitumba, na mkulima anapunguza kupuliza sumu. Mahindi ya Bt hufanya vivyo hivyo kwa bungua. Lakini wadudu nao hujifunza. Afrika Kusini, ambako mahindi hayo yalianza kulimwa mapema, bungua wa huko walishaonekana kuizoea sumu hiyo kabla ya 2010. Ndiyo sababu mkulima hushauriwa aache sehemu ya shamba yenye mbegu ya kawaida, ili wadudu wasioizoea wabaki na kuzaana na wale sugu. Kwa shamba la ekari moja, hilo ni ombi kubwa. Huu ni wasiwasi wa kweli na unastahili kujadiliwa kuliko uvumi wa saratani.

Na huo uvumi una historia. Septemba 2012 watafiti wa Ufaransa walitoa picha za panya wenye uvimbe mkubwa waliolishwa mahindi ya GMO. Novemba mwaka huo huo Kenya ikapiga marufuku vyakula vya aina hiyo. Panya waliotumika ni wa aina ambayo hupata uvimbe kwa wingi wakizeeka hata wakila chakula cha kawaida, tena kila kundi lilikuwa na panya 10 tu, kwa hiyo usingeweza kujua uvimbe umeletwa na nini. Mwaka mmoja baadaye jarida lililochapisha utafiti huo likauondoa. Marufuku yetu yakabaki miaka 10. Yalipoondolewa Oktoba 2022, kesi zikafunguliwa, na maagizo ya mahakama yakapishana. Picha za panya zingali zinazunguka kwenye simu zetu. Habari ya kuondolewa kwa utafiti haizunguki.

Wenye umri watakumbuka pia mwaka 2010, mahindi ya GMO kutoka Afrika Kusini yalipofika bandari yetu na mzozo ukazuka. Nadhani mbegu ya kutoaminiana ilipandwa siku zile: watu walipata habari meli ikiwa imeshafika. Sheria ipo, ya Usalama wa Bioteknolojia ya 2009, na kanuni za 2012 zinataka chakula chenye zaidi ya asilimia 1 ya GMO kiandikwe hivyo. Lakini nenda soko la Kongowea alfajiri. Mahindi yanamwagwa kutoka gunia hadi gunia, yanauzwa kwa debe na kwa kibaba. Lebo itabandikwa wapi? Mama mkubwa anayo haki ya kuchagua unga wake, iwe sababu yake ni sayansi au ni moyo tu, na haki hiyo inaishia kwenye rafu za supamaketi.

Hofu nyingine ninayoisikia sana ni kwamba mbegu za GMO hazioti mara ya pili. Mbegu za namna hiyo, zilizofanywa tasa kusudi, zilibuniwa lakini hazijawahi kuuzwa popote. Wanaolazimika kununua mbegu kila msimu tayari wako, na ni kwa sababu ya mahindi chotara ya kawaida, ambayo ukiyarudisha shambani mavuno hupungua. Swali la nani anamiliki mbegu ni zito kweli kweli, ila ni la sheria na biashara. Halimo ndani ya DNA.

Hapo ndipo muhogo unaponivutia kuliko mazao yote. Hapa kwetu muhogo ni wa nazi asubuhi, ni kachri jioni pale Mama Ngina, ni wa kuchoma wenye ndimu na pilipili. Nao una ugonjwa wa Pwani hasa: michirizi ya kahawia, ulioelezwa kwa mara ya kwanza miaka ya 1930 huko Amani, Tanganyika, na uliokaa mwambao huu kwa miongo kabla ya kupanda bara. Ubaya wake ni kwamba majani yanaweza kuonekana mazima. Unang'oa, unakata, ndani kumeoza kahawia, kavu kama kizibo. Kazi ya mwaka imekwenda. Wanaousambaza ni inzi weupe, na sisi wenyewe.

Watafiti wa KALRO, shirika la Kenya la utafiti wa kilimo na mifugo, na wenzao wa nje walitengeneza muhogo wenye kipande cha jeni za virusi vya ugonjwa huo. Kipande hicho hakitoi virusi wala protini. Mmea hukinakili kwa namna inayoziamsha seli zake zikitambue, na virusi halisi vikiingia, zinaukatakata ujumbe wake kabla havijazaana. Ni kama chanjo, ingawa mmea hauna kinga ya damu kama yetu. Ulijaribiwa mashambani katika vituo vitatu, kimojawapo ni Mtwapa, mwendo wa matatu moja kutoka hapa. Juni 2021 mamlaka ya usalama wa bioteknolojia iliuruhusu uendelee na majaribio ya wazi ya kitaifa. Walioutengeneza walisema hautatozwa ada ya umiliki.

Niliporudi Kibokoni nilimweleza mama mkubwa yote haya, kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa. Insulini aliipokea kwa utulivu, alisema tu, "Basi alhamdulillahi si ya nguruwe." Kuhusu unga hajabadilisha msimamo, na simlazimishi. Ila muhogo aliuwaza. Shamba la marehemu mumewe lipo Kikambala, na muhogo wake umeoza misimu miwili.

"Huo wa Mtwapa," akaniuliza, "nikipewa vijiti vyake, jirani akiniomba nimkatie, nimpe?"

Ndilo swali ambalo sikulisikia redioni hata siku moja. Muhogo haupandwi kwa punje. Unakata shina vipande vya urefu wa kiganja, unampa shemeji, shemeji anampa jirani. Ndivyo ulivyoenea mwambao wote, na ndivyo ugonjwa ulivyoenea nao. Nikamwambia kwamba, kwa ahadi ya walioutengeneza, hakuna wa kumdai, lakini akate shina zima lisilo na michirizi, na avipande mbali na muhogo wa zamani. Akatikisa kichwa taratibu, akaenda kutafuta kisu cha kumenyea ule tuliokuwa tunataka kuupika.